Jongoo bahari maabarani: salfeti inapokosekana, na inapozidi

Mwezi wa sita ukiingia simu yangu haipumziki. Wanaopiga ni wanafunzi wa shahada ya pili, wamebakiwa na wiki chache za kukabidhi ripoti, na wana maneno ya aina mbili tu: "Kaka, sipati kitu," au "Kaka, nimepata nyingi kweli." Huyu wa pili ndiye anayenitia wasiwasi. Aliyekosa anajua amekosa. Aliyepata nyingi ameshachora grafu.

Wengi wanafanya kazi na jongoo mchanga, Holothuria scabra, yule yule anayefugwa kwenye vizimba vya pwani yetu. Wanachokitafuta katika ukuta wa mwili wake ni kondroitini salfeti yenye matawi ya fukosi (aina ya sukari). Uti wake ni ule ule wa kondroitini ya gegedu la papa au la ng'ombe, yaani asidi ya glukuroniki na galaktosamini zikipokezana. Kwa jongoo, kila asidi ya glukuroniki imebeba tawi la fukosi kwenye kaboni ya 3, na tawi hilo limesheheni salfeti. Paulo Mourão na mwenzake wa Rio de Janeiro walizieleza polisakaridi hizi (minyororo mirefu ya sukari) mwaka 1987 kutoka kwa jongoo wa Brazili, Ludwigothurea grisea, na njia ya kuzitoa haijabadilika sana tangu hapo.

Njia yenyewe, ili tuzungumze kitu kimoja: toa matumbo, osha, katakata ukuta wa mwili, uloweke kwenye asetoni kuondoa mafuta na rangi, ukaushe. Umeng'enye kwa papeini (kimeng'enya cha mpapai) katika bafa ya asetati ya 0.1 M, pH 5.5, yenye EDTA (kemikali inayokamata metali) 5 mM na sisteini 5 mM, nyuzi 60 kwa saa 24. Chuja. Zamisha polisakaridi kwa CPC (setilpiridini kloridi), yeyusha mashapo kwa chumvi ya 2 M, zamisha tena kwa ethanoli, fanya dayalisisi (kuondoa chumvi kupitia mfuko wenye vitundu vidogo), kausha kwa kugandisha.

Sasa angalia jambo moja. Salfeti huipa polisakaridi hii chaji hasi kubwa mno, na karibu kila hatua hapo juu, na kila kipimo kinachofuata, huikamata kwa chaji hiyo. Basi kila kingine chenye chaji hasi kilichokuwa ndani ya ndoo kitapanda basi hilo hilo bila nauli. Ukilishika hili, nusu ya matatizo yanayofuata utayatatua bila kunipigia.

Jongoo amekuwa uji kabla hajafika maabara

Unafungua ndoo, unakuta ute mzito na ngozi zinazovunjika mkononi. Wengi husema ameoza. Hapana, bakteria huja baadaye. Ukuta wa mwili wa jongoo umejengwa kwa kolajeni ambayo mnyama mwenyewe huweza kuikaza na kuilegeza, na akisumbuliwa kwa joto, msongamano au maji ya mvua, vimeng'enya vyake mwenyewe huanza kuila. Mnyororo wa sukari haukatwi na vimeng'enya hivyo, ila protini iliyoushikilia kwenye tishu inakatwa. Polisakaridi inavuja kwenye ute, nawe unaumwaga ute ufukweni ukidhani unasafisha.

Dawa ni kupasua pale pale pwani. Kama haiwezekani, wasafirishe wachache kwenye maji ya bahari yenye ubaridi na hewa, usiwapange kama viazi. Usiwaoshe kwa maji baridi ya bomba wakiwa hai. Umajimaji wa mwili wao una chumvi sawa na bahari, na maji ya bomba huwavimbisha na kuwapasua.

Wakitapika matumbo njiani, kuna tatizo la pili ambalo watu wa Unguja wanapaswa kulijua kuliko mtu yeyote. Jongoo hula mchanga pamoja na kila kilichomo kwenye mchanga, na vizimba vingi viko jirani na mashamba ya mwani. Spinosamu na kotonii zina karajini, nayo karajini ni polisakaridi yenye salfeti. Utumbo ukipasuka juu ya nyama, unaweza kuishia na mchanganyiko wa jongoo na mwani, na kipimo cha salfeti hakitakwambia lolote kwa sababu vyote viwili vinayo. Kinachomfichua mwani ni galaktosi nyingi isiyolingana na asidi za uroniki, na kwenye infraredi ile alama ya karibu 930 kwa sentimita inayoletwa na anhidrogalaktosi. Mara ya kwanza kuiona nilidhani mashine ina kasoro.

Na aliyenunua jongoo mkavu sokoni? Huyo ameshachemshwa, ametiwa chumvi, na kwa jongoo mchanga ameshafukiwa ili lile ganda la chokaa litoke. Polisakaridi ipo bado, ila sehemu yake ilibaki kwenye sufuria ya msindikaji. Unaweza kumtumia kujifunza njia. Usiandike mavuno yake kana kwamba ni ya mnyama hai.

Saa 24 zimepita, papeini haijamaliza

Vipande bado vinaonekana, au mchanganyiko ni mzito kama uji wa muhogo na haupiti kwenye kichujio. Kabla ya kumlaumu aliyekuuzia papeini, chukua pH. Usichukue ya bafa uliyoitengeneza asubuhi, chukua ya mchanganyiko wenyewe baada ya saa moja ya kumeng'enya.

Ngozi ya jongoo mchanga imejaa vijifupa vya chokaa, vidogo kiasi cha kuhitaji hadubini. Chokaa ikikutana na bafa ya asidi, hutoa mapovu kidogo na pH inapanda. Nimekuta mchanganyiko uliopaswa kuwa 5.5 ukisoma zaidi ya 7. Ukitaka kuhakikisha, dondoshea tone la siki juu ya kipande cha ngozi kavu uone kama linatoa povu. Rekebisha kwa asidi ya asetiki kidogo kidogo, kisha rudi baada ya saa uipime tena, kwa sababu chokaa haiishi mara moja. Au loweka tishu kwenye EDTA kwanza. Usifikirie kabisa kuimaliza chokaa kwa asidi hidrokloriki ya moto: tawi la fukosi limeshikwa na kiungo dhaifu kuliko vyote kwenye molekuli, na asidi yenye joto huling'oa kabla haijagusa uti. Chokaa itaisha, na jambo lililokufanya umtafute jongoo badala ya gegedu la ng'ombe litaisha nalo.

pH ikiwa sawa, mshuku sisteini. Papeini hufanya kazi kwa kundi la salfa lililo wazi, na sisteini ndiyo inayolilinda. Sisteini ikikaa kwenye maji siku kadhaa hujiunga mbili mbili kuwa sistini, ambayo haiyeyuki vizuri. Ukiona fuwele nyeupe chini ya chupa, mwaga. Tengeneza mpya siku hiyo hiyo. EDTA nayo iko pale kuzuia metali zinazoiua papeini, kwa hiyo usiiruke kwa sababu stoo imeishiwa.

Bibi zetu wanaofungia nyama ngumu kwenye majani ya mpapai hawana sisteini wala EDTA, na nyama inalainika. Ni kweli, ila bibi hahitaji protini iishe kabisa. Wewe unahitaji, maana protini iliyobaki itashikamana na polisakaridi hadi mwisho. Papeini ya bei nafuu pia mara nyingi huchanganywa na sukari za kujazia, kwa hiyo endesha kopo moja lenye kila kitu isipokuwa tishu. Kopo hilo litakuokoa siku ya kupima sukari.

CPC haizamishi, au imezama haitaki kuyeyuka

CPC ina chaji chanya. Inaishika polisakaridi na vyote viwili vinazama. Chumvi nyingi huwatenganisha, na ndiyo sababu baadaye tunayeyusha mashapo kwa 2 M. Maana yake, kama tishu yako ilitoka kwenye jongoo wa chumvi na hukumloweka vya kutosha, CPC haitazamisha kitu. Ongeza maji yaliyosafishwa, zidisha ujazo mara mbili au tatu, na wingu litatokea mbele ya macho yako.

Wengine huweka chombo kwenye friji usiku kucha, asubuhi wanafurahia mashapo meupe mengi yanayong'aa. Hiyo ni CPC yenyewe imeganda kwa baridi. Acha kwenye joto la chumba.

Yasipoyeyuka kwenye chumvi, ongeza ethanoli kidogo kwenye ile chumvi (sehemu 15 kwa 100), koroga kwa subira. Kinachogoma hata hapo kwa kawaida ni protini. Rudi kwenye kichwa kilichotangulia.

Ethanoli inatoa maziwa badala ya mashapo

Ulifanya dayalisisi kabla ya ethanoli, ukaondoa chumvi yote. Bila sodiamu ya kutuliza chaji, minyororo inafukuzana na kubaki imeelea kama maziwa mepesi. Tia chembe za chumvi au asetati ya sodiamu, subiri, zungusha kwenye sentrifyuji. Ukizidisha chumvi nayo itazama, utapata mashapo mazito yanayokauka kuwa fuwele. Ukiona fuwele, hiyo si polisakaridi. Polisakaridi hukauka kama pamba au kama magamba.

Salfeti ni nyingi kupita kiasi

Hapa ndipo nilipoumbuka mimi mwenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilikuwa na sampuli yenye salfeti nyingi ajabu, nikamwonyesha mwalimu wangu. Hakusema neno. Alichukua sampuli ile ile kabla haijachemshwa na asidi, akatia matone ya bariamu kloridi. Ikageuka nyeupe papo hapo. Bariamu huzamisha salfeti iliyo huru, na salfeti iliyofungwa kwenye sukari haionekani mpaka uikate kwa asidi. Sampuli yangu haikuwa imekatwa na chochote. Nilikuwa nimepima bahari.

Hesabu yake ni rahisi. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 2.7 za salfeti. Umajimaji wa jongoo ni bahari ile ile. Gramu 100 za ukuta mbichi zenye gramu 80 za maji zinakuja na zaidi ya gramu 0.2 za salfeti huru, na kiasi hicho kinatosha kuharibu jedwali zima kama mavuno yako ni ya miligramu mamia.

Kwa hiyo kila mara pima salfeti mara mbili: sampuli isiyokatwa, na iliyokatwa. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Kata kwa asidi hidrokloriki, kamwe si ya salfuriki (unacheka, lakini limeshatokea). Sampuli iliyochemshwa na asidi hugeuka kahawia, na kahawia hiyo nayo inasomeka kwenye nanomita 360, pale pale tunaposomea wingu la bariamu lililoshikiliwa na jelatini, kwa hiyo kile kipimo cha pili chenye jelatini bila bariamu si cha kupamba itifaki, kifanye.

Baada ya hapo linganisha uwiano. Kwa kondroitini ya jongoo, asidi ya glukuroniki, galaktosamini na fukosi hukaribiana kwa uwiano wa 1:1:1, na salfeti huwa karibu 3 hadi 4 kwa kila kundi hilo la watatu. Ukipata 9, hakuna mahali pa kuzipachika kwenye molekuli. Ukipata 1.5 na fukosi nayo imepungua, tafuta ni wapi ulitumia asidi na joto.

Dayalisisi inayofanywa na maji matupu tangu mwanzo pia huacha mabaki, maana polisakaridi yenye chaji nyingi kiasi hiki hung'ang'ania ioni zinazoizunguka. Anza na chumvi ya 1 M usiku mmoja, ndipo uhamie kwenye maji, ukibadilisha asubuhi na jioni kwa siku tatu. Mfuko wa kilodaltoni 12 hadi 14 unatosha, molekuli hizi ni kubwa kuliko hapo.

Na wanaopima sukari yote kwa fenoli na asidi ya salfuriki: nyuzi za karatasi ya kuchujia ni selulosi, na selulosi ni sukari. Unyuzi mmoja ndani ya bomba la kupimia unatosha kukupa matokeo ya kusherehekea.

DMMB inang'aa, halafu inashuka

Rangi ya DMMB, inayotumika kupimia polisakaridi zenye salfeti, hugeuka kutoka buluu kwenda zambarau ikikutana na salfeti zilizopangana, na husomwa kwenye nanomita 525. Inashuka kwa sababu mchanganyiko unajizamisha wenyewe. Ukitia rangi kwenye mabomba 40 kisha ukaenda kunywa chai, bomba la kwanza na la 40 hayapimi kitu kimoja. Tia na usome kwa mafungu madogo, muda ule ule kwa kila bomba.

Ikisoma juu mno, shuku DNA. Nayo ina chaji hasi, inazama na CPC, inashika kwenye kolamu ya DEAE (kolamu yenye chaji chanya). Msafiri asiye na tiketi kamili. Soma sampuli kwenye nanomita 260. Ikiwepo, tumia kimeng'enya cha kukata DNA, na kumbuka kinahitaji magnesiamu, kwa hiyo kikiwekwa kwenye bafa yenye EDTA kitalala usingizi. Fanya dayalisisi kwanza. Kushusha pH ya rangi hadi karibu 1.5 pia hupunguza usumbufu wa DNA. Ikisoma chini mno, shuku chumvi iliyobaki.

Kondroitinazi haikati

Hii si kasoro. Kimeng'enya cha kondroitinazi ABC hukata kondroitini ya papa bila shida, lakini kwa jongoo tawi la fukosi linakiziba njia. Ondoa fukosi kwa asidi hafifu yenye joto, kisha jaribu tena. Kikikata baada ya hapo na kilikuwa hakikati kabla, umepata ushahidi mzuri kuliko bendi yoyote ya jeli. Kikikata tangu mwanzo, basi una kondroitini ya kawaida, au matawi yako yalishaanguka.

Bendi mbili kwenye jeli

Jongoo wengi wana fukani yenye salfeti pia, mnyororo wa fukosi peke yake usio na asidi ya uroniki. Bendi mbili kwenye agarosi, zikipakwa toluidini buluu, mara nyingi ni hizo mbili na si uchafu. Zitenganishe kwa kolamu ya DEAE, na usiishie chumvi ya 1 M. Peleka hadi 2 M, la sivyo ile yenye salfeti nyingi zaidi itabaki ndani na utaandika kwamba haipo. Pima asidi ya uroniki kwenye kila kifungu.

Plasma haigandi kabisa

Hapa kila mtu anataka kufika, na hapa ndipo EDTA inapolipa kisasi. Plasma inahitaji kalsiamu ili igande. EDTA hukamata kalsiamu. Sampuli iliyobaki na EDTA ya papeini itarefusha muda wa aPTT (kipimo cha muda wa plasma kuganda) kwa namna ya kuvutia, na polisakaridi haitakuwa imefanya lolote. Lile kopo lisilo na tishu, lililopitia hatua zote hadi mwisho, liweke kwenye plasma. Likizuia kuganda, rudi kwenye dayalisisi. CPC iliyobaki nayo ni sabuni, na sabuni haina urafiki na plasma.

Kopo likiwa safi na sampuli bado inazuia, hongera, maana kondroitini ya jongoo kweli huzuia damu kuganda na nguvu hiyo inategemea matawi ya fukosi, ukiyaondoa, inashuka. Ila usiandike neno "dawa" kwenye muhtasari. Mwaka 2008 heparini iliyochanganywa na kondroitini iliyotiwa salfeti kupita kiasi iliwashusha wagonjwa shinikizo la damu ghafla, Marekani na Ujerumani, na wengine walifariki. Ile kondroitini iliwasha mfumo wa mguso wa damu (protini zinazoamka damu ikigusa kitu chenye chaji hasi). Ya jongoo nayo imeonekana kuamsha faktari XII ya mfumo huo huo. Kipimo cha aPTT hakitakuonyesha hilo, linahitaji kipimo chake.

Unga umegeuka gundi

Ulipima miligramu 50 Jumatatu, Ijumaa mzani unasema 57. Unga huu unavuta unyevu, na hewa ya pwani yetu haina huruma. Uweke kwenye chupa inayofungwa vizuri, ndani ya chombo chenye silika kavu. Pima haraka. Kama asilimia zako za salfeti zinashuka kidogo kidogo kila wiki bila sababu, kausha unga upya kabla ya kununua kemikali nyingine.